Kabla hamjatia saini: barua ya wazi kuhusu helikopta zetu za vita

Kwa Waziri wa Ulinzi, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, na wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa helikopta, mkazi wa Nanyuki. Sijawahi kuvaa sare ya jeshi. Miaka 26 nimeimaliza kwenye mabanda ya ndege za kiraia, nikihudumia helikopta za watalii, za madaktari, na za wanasiasa msimu wa kampeni. Aliyevaa sare nyumbani kwetu ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekaa kambini Jubaland, kusini mwa Somalia, miezi mingi. Aliporudi likizo tulikuwa tumeketi nje jioni moja, anatusimulia habari za huko, ikapita helikopta kwa mbali ikielekea uwanja wa Laikipia. Akakatiza maneno, akainua kidole, akaisikiliza mpaka sauti ikapotea. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba kule kambini kila askari anaijua sauti ile, kwa sababu usiku mnaposhambuliwa linabaki swali moja tu: inakuja au haiji?

Naandika kwa ajili ya swali lake.

Kila inapovuma habari kwamba nchi fulani jirani imepata helikopta mpya ya kushambulia, mjadala unaanza upya hapa kwetu, mitandaoni hata mikahawani: tuchukue Apache ya Wamarekani au Mi-28 ya Warusi, Viper au T129 ya Waturuki, au Z-10 ya Wachina. Vijana wanalinganisha idadi ya makombora, kasi, unene wa deraya, mzinga wa puani una milimita ngapi. Nawaelewa, maana nami nilianza kuzipenda ndege hivyo hivyo. Lakini ninyi si mashabiki. Ninyi ndio mtakaoweka saini, na nawaomba mlinganishe kitu kingine kabisa: siku ya Jumanne ya kawaida, isiyo ya gwaride wala ya mgeni wa heshima, ni helikopta ngapi kati ya hizo mlizonunua zitakazoweza kuwashwa, kupakiwa silaha na kuondoka? Na mwaka wa kumi baada ya kununua, je, ni ngapi?

Nitaanza na nchi tajiri ili asije mtu akasema haya ni matatizo ya maskini. Australia ilitia saini Desemba 2001 kununua helikopta 22 aina ya Tiger, zilizobuniwa na Wafaransa na Wajerumani. Kwenye karatasi zilikuwa ndege nzuri sana, za kisasa kuliko washindani wake wengi. Zilipaswa kuwa tayari kabisa kwa vita mwaka 2011. Zilitangazwa kuwa tayari Aprili 2016, na hata hapo kwa masharti tisa. Septemba mwaka huo Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa nchi ile ikatoa ripoti ambayo natamani kila mjumbe wa Kamati aisome. Iliandika kwamba mwaka 2015, siku yoyote ile, wastani wa Tiger zilizokuwa tayari kuruka ulikuwa 3.2. Lengo lilikuwa 12. Saa moja ya kuruka ilikuwa imefika takriban dola 30,000 za kwao ilhali lengo lilikuwa 20,000. Vipuri vilikuwa vinarudishwa Ulaya kukarabatiwa, na vinakawia huko huku ndege inasubiri.

Hiyo 3.2 sikuisoma kama takwimu. Naijua kwa macho. Najua banda lenye ndege nane linavyokuwa pale tatu tu zikiwa nzima: zile tano zimefunikwa maturubai, na kila wiki moja kati yake inapoteza kitu. Leo pampu, kesho jenereta, keshokutwa kioo cha mbele. Unamng'oa aliyelala ili umpe anayetembea. Kila kipuri kilichong'olewa kinafanyiwa kazi mara mbili, na kila kazi ya pili ni nafasi nyingine ya kukosea. Marubani nao wanakosa saa za mazoezi. Rubani asiyeruka anachakaa kama ndege isiyoruka. Mwaka 2021 Waaustralia walitangaza kwamba wanaachana na Tiger, wanachukua Apache 29. Kumbukeni kwamba hakuna adui aliyewahi kuziangusha zile Tiger. Zilishindwa na bohari ya vipuri.

Sasa bei. Hapa ndipo Wakenya tunapochanganywa zaidi, na nadhani hata baadhi yenu mnachanganywa. Mei 2017 Marekani ilitangaza kwamba imekubali kuiuzia Kenya helikopta 12 ndogo aina ya MD 530F kwa makadirio ya hadi dola milioni 253. Watu wakagawanya 253 kwa 12, wakapata milioni 21 kwa kila moja, wakapiga kelele kwamba tumeibiwa, kwa kuwa ndege ile tupu haigharimu hata nusu ya hapo. Kelele ile haikuwa na msingi. Ndani ya kiasi kile kulikuwa na bunduki, roketi, risasi, vipuri, mafunzo na watu wa kuja kufundisha. Ufilipino ilinunua T129 sita kwa dola milioni 269. Ukigawanya unapata kama milioni 45. Nigeria mwaka 2022 ilikubaliwa kununua helikopta 12 za AH-1Z, ndiyo hiyo Viper, kwa makadirio ya milioni 997, karibu milioni 83 kila moja. Poland mwaka 2024 ilitia saini kwa Apache 96, mkataba wa takriban dola bilioni 10. Ukizipanga namba hizo kwenye safu moja ya jedwali na kusema "hii ni nafuu, hii ni ghali," hujalinganisha chochote. Mmoja amenunua gari, mwingine amenunua gari na petroli ya miaka mitano na dereva na karakana.

Mahari hulipwa mara moja, ila nyumba huendeshwa kila siku. Muuzaji atawaambia mahari. Mwulizeni gharama ya nyumba kwa miaka 20, tena aiandike kwenye mkataba: saa moja ya kuruka itagharimu shilingi ngapi, na ikizidi hapo nani atalipa.

Kuhusu zile MD 530F nina neno la kusifu, na nitalisema wazi. Zilipokabidhiwa sita pale Embakasi Januari 2020, wengi walizidharau kwa udogo wake. Mimi nilifurahi. Kenya ilinunua Hughes 500 mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati hofu yetu ilikuwa vifaru vya Siad Barre wa Somalia, na baadhi yake zilikuja na makombora ya TOW ya kutobolea vifaru. MD 530F ni mtoto wa ukoo ule ule. Kichwa cha mapanga yake hakitumii bawaba za kupandisha na kushusha mapanga kama helikopta nyingine nyingi; mapanga yameshikwa na vipande vyembamba vya chuma cha pua vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za daftari. Unakagua tabaka hizo kwa tochi na kioo kidogo, ukitafuta ufa mwembamba kuliko unywele. Fundi aliyefanya kazi hiyo kwenye Hughes ya zamani hahitaji kuanzia darasa la kwanza akiletewa MD 530F. Ujuzi wa miaka 40 haukutupwa. Ule ulikuwa ununuzi wa akili, na ningependa kujua leo, miaka imeshapita, kama bado unatunzwa kwa akili ile ile, na kwa nini kibali kilikuwa cha 12 zikaja sita.

Maana upande wa pili wa banda hali ni tofauti. Kwa miaka mingi tumekusanya helikopta kama mtu anayekusanya vikombe vya harusi. Huey za Kimarekani. Z-9 za Kichina, ambazo asili yake ni Dauphin ya Wafaransa. Mi-171 ya Kirusi. Puma. Cobra zilizotoka Jordan. Kila moja ilikuja na sababu yake, nyingine kama msaada, nyingine kwa bei ya urafiki. Lakini njooni mtazame sanduku la spana la fundi. Ndege ya Kimarekani inafunguliwa kwa inchi, ya Kirusi na ya Kifaransa kwa milimita. Vitabu vya moja viko kwa Kiingereza, vya nyingine vilianza kwa Kirusi na kutafsiriwa na mtu asiyejua injini. Mafuta ya giaboksi ya hii ukiyatia kwenye ile umeua giaboksi. Kila aina inataka chumba chake cha vipuri, mwalimu wake, kifaa chake cha kupimia. Jeshi lenye helikopta 40 za aina mbili lina nguvu kuliko lenye 60 za aina saba, na hilo atawaambia fundi yeyote kabla hajanawa mikono.

Kwa hiyo ikiwa mnafikiria aina mpya kabisa, nauliza kwanza: ni aina gani mbili zitakazoondoka ili hiyo ipate nafasi?

Niwasimulie lililonipata mimi. Tajiri mmoja aliyekuwa na ndege chache za kukodisha alinunua helikopta ya mkono wa pili kutoka ng'ambo. Kampuni siitaji. Ndege ilifika imepakwa rangi upya, inang'aa, viti vya ngozi, hata harufu yake ilikuwa ya dukani. Nikaomba kadi. Wasio mafundi hawajui kadi ni nini: kila kipuri kikubwa cha helikopta kina umri wa kufa. Panga linaishi saa kadhaa, shafti ya mkia saa kadhaa, na kila saa inaandikwa kwenye kadi yake inayofuatana nacho tangu kiwandani. Kipuri kisicho na kadi ni chuma chakavu, hata kikiwa kinang'aa. Katika lile boksi la makaratasi nilipata kadi za vipuri ambavyo havikuwa kwenye ndege, na kwenye ndege kulikuwa na vipuri ambavyo kadi zake hazikuwa kwenye boksi. Nambari za mkia hazikulingana na nambari zilizogongwa kwenye chuma. Nilikataa kutia saini. Tajiri alinitukana mbele ya vijana wangu. Ile ndege ilikaa miezi 14 chini ya turubai, na mwishowe iliuzwa vipande vipande.

Hiyo ilikuwa ndege moja ya tajiri mmoja. Uganda waliuziwa nne. Miaka ya mwisho ya 1990, wakiwa vitani kaskazini, walilipa mamilioni ya dola kwa Mi-24 zilizotumika, kutoka Belarus. Zilipofika ilionekana kwamba hazifai kuruka. Ukarabati uliolipiwa haukuwa umefanywa ipasavyo. Tume ya uchunguzi iliongozwa na Jaji Julia Sebutinde, huyo huyo ambaye baadaye alikwenda kukaa katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, na ndani ya mambo yaliyofichuka kulikuwa na ahadi ya dola 800,000 kwa mtu mkubwa ili biashara ipite. Waganda waliuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini jiulizeni, gunia lingefunguliwa na nani? Fundi mmoja mwenye tochi, aliyepelekwa kiwandani kabla ya fedha kutoka, angeziomba kadi. Siku moja ya kazi, pamoja na tiketi ya kwenda na kurudi.

Naomba hilo liwe sharti: hakuna malipo, hata ya awali, kabla mafundi wetu wenyewe, wa vyeo vya chini wanaoshika spana, hawajaandika ripoti yao na kuitia saini kwa majina. Sajini ataona asichokiona jenerali, kwa sababu sajini ndiye atakayelala nayo.

Kuna gunia jingine ambalo hata tochi haitoshi. Mwaka 1995 Uingereza iliagiza Chinook nane za aina maalumu kwa ajili ya vikosi vyake maalumu. Zilifika 2001, zimegharimu pauni milioni 259. Vyuma vilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa programu ya kompyuta ya chumba cha rubani: mkataba haukuwapa Waingereza haki ya kutosha ya kuikagua, na bila kuikagua wakaguzi wao wasingeweza kuthibitisha kwamba ni salama. Zikaruhusiwa kuruka siku isiyo na mawingu tu, juu ya futi 500, mahali ambapo rubani anaona ardhi. Zilikaa bandani miaka, huku askari wao wakilia kwa uhaba wa helikopta Afghanistan. Nane, mpya, kwenye banda.

Na Pakistan mwaka 2018 ilikubaliana na Uturuki kununua helikopta 30 za T129 kwa takriban dola bilioni moja na nusu. Ndege inaundwa Uturuki, lakini injini yake inatengenezwa na ubia wa kampuni ya Marekani na ya Uingereza, na kibali cha kuiuza nje kiko Washington. Uhusiano wa Uturuki na Marekani ukaharibika kwa sababu ya mitambo ya S-400 ya Kirusi ya kutungulia ndege, kibali kikanyimwa, Pakistan ikasubiri mpaka ikachoka na kugeukia Z-10 ya Uchina. Ufilipino ilipata kibali, nayo ikapata ndege. Wanunuzi wawili wa ndege moja, tofauti yao ni nani Washington alikuwa radhi naye mwaka ule. Nalisema hili kwa sababu sisi na Uturuki tumezoeana siku hizi katika mambo ya zana, na ofa zao huwa nzuri. Muuzaji akija na mabango yake, swali la kwanza liwe: ufunguo wa injini uko mfukoni mwa nani, na huyo akikasirika, tutaruka kwa muda gani na vipuri vilivyomo bohari?

Wenzetu wa Afrika Kusini walijaribu njia ya kutomtegemea mtu. Chini ya vikwazo walianza kuunda helikopta yao ya vita miaka ya 1980, Rooivalk, na ya majaribio ikaruka mara ya kwanza Februari 1990. Naipenda ndege ile. Waliazima injini na mitambo mingi kutoka kwa Oryx, helikopta yao ya kubeba askari, ili fundi mmoja aweze kuhudumia zote mbili. Huo ndio ujuzi hasa. Tarehe 4 Novemba 2013, karibu na Chanzu, Kivu Kaskazini, ilipiga ngome za waasi wa M23 ikiunga mkono brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye Watanzania, Wamalawi na Waafrika Kusini, iliyokuwa chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Siku iliyofuata M23 wakatangaza mwisho wa uasi wao. Watu wa Rutshuru na Bunagana wanaikumbuka sauti hiyo.

Hata hivyo, ziliundwa 12 tu. Hakuna nchi nyingine iliyonunua. Moja ilipotea ajalini, zikabaki 11, na kila kifaa ambacho ni cha Rooivalk peke yake lazima kitengenezwe kwa ajili ya ndege 11 duniani kote. Hesabuni wenyewe bei ya kifaa hicho.

Kuna jambo ambalo ni la kwetu hasa, nalo ni hewa. Vijitabu vya wauzaji hupima nguvu za ndege zikiwa usawa wa bahari, joto nyuzi 15. Uwanja wa Laikipia uko karibu mita 1,900 juu. Embakasi uko zaidi ya mita 1,600. Huku juu hewa ni nyembamba: mapanga hayapati cha kushika, injini haipati cha kupumua. Ukishuka Garissa, au Dhobley kule Somalia, joto linafanya kazi ile ile ya kuipunguza hewa. Helikopta inayobeba makombora 16 kwenye picha inaweza kulazimika kuacha nusu chini ili iondoke hapa mchana, au kuacha mafuta na kurudi kabla haijafika inakohitajika. Nawasihi jaribio lisifanyike ughaibuni. Waambieni wailete ndege hapa. Ipakieni silaha zote wanazozitaja, mafuta ya saa mbili, marubani wawili wenye vifaa vyao, kisha iinueni saa nane mchana mbele ya macho yenu. Atakayekataa jaribio hilo ameshawajibu.

Mlima huu ninaouona nikifungua dirisha ulishatupa somo. Tarehe 12 Agosti 2012 Mi-24 tatu za Uganda, zikiwa njiani kwenda Somalia, zilianguka kwenye Mlima Kenya. Watu saba walikufa. Jioni ile hapa Nanyuki mlima wote ulikuwa umevaa wingu. Askari wale hawakuwa wameonana na adui bado. Ajali zetu wenyewe nazo mnazijua kuliko mimi: Ol Tepesi, Kajiado, Juni 2021, msitu wa Boni, Lamu, usiku, Septemba 2023, Sindar, Elgeyo Marakwet, tarehe 18 Aprili 2024, alipoondoka Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, yeye mwenyewe rubani, pamoja na wenzake. Sisemi nani alikosea wapi, wachunguzi wapo. Nasema tu kwamba kabla ya shilingi moja kwenda kwenye mzinga mpya, familia hizo zinastahili kuona shilingi imekwenda kwenye rada ya hali ya hewa, miwani ya kuonea usiku, saa za mazoezi ya usiku, na injini zilizokarabatiwa kwa wakati wake.

Halafu kuna swali ambalo wauzaji hawatawauliza: je, helikopta kubwa ya kushambulia bado ndiyo dawa ya ugonjwa wetu? Februari 2024 jeshi la Marekani lilifuta mradi wake wa helikopta mpya ya upelelezi na mashambulizi, FARA, baada ya kutumia takriban dola bilioni mbili, likitaja waliyoyaona vitani Ukraine na nafasi ya ndege zisizo na rubani. Miaka 20 kabla yake lilikuwa limefuta mradi wa helikopta nyingine, Comanche, baada ya karibu bilioni saba. Japani mwishoni mwa 2022 iliamua kustaafisha helikopta zake za kushambulia na kutumia ndege zisizo na rubani badala yake. Ujerumani, iliyoshiriki kuibuni Tiger, Desemba 2023 iliagiza H145M, helikopta nyepesi zinazofungwa silaha, hadi 82. Poland, kwa upande wake, inanunua Apache kwa wingi, maana jirani yake ana vifaru.

Adui wetu hana. Al-Shabaab tunayepambana naye Boni na Jubaland anatembea kwa pikipiki na kwa miguu, anatega mabomu barabarani, anashambulia kambi alfajiri kama alivyofanya kwa kambi yetu ya El Adde, Somalia, Januari 2016. Askari wa pale alihitaji kitu kinachofika haraka, kinachokaa juu yake muda mrefu, na kinachoweza kumbeba aliyejeruhiwa kurudi. Kwa maoni yangu hilo ni kazi ya helikopta ndogo nyingi zilizo nzima, za kubeba zilizo nzima zaidi, na jicho lisilo na rubani juu yao. Naweza kuwa nimekosea. Mimi si mwanajeshi. Ila mkichagua kinyume, basi sababu ziwe zimeandikwa mahali, na ziwe za kambi ya El Adde, zisiwe za gwaride la Jamhuri.

Najua jibu ambalo huwa linatolewa: haya ni mambo ya usalama wa taifa, hayajadiliwi hadharani. Lakini Katiba yenyewe, Kifungu cha 238, inasema usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na ya Bunge. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inazipa taasisi za usalama orodha mbili, moja ya wazi na moja ya siri. Sikatai orodha ya siri. Masafa ya redio, mipaka ya kombora, mahali pa kuegeshea, yawe siri. Lakini idadi ya helikopta zinazoruka na gharama ya saa moja, Australia iliviweka wazi na hakuna aliyeivamia. Sisi tulishaona siri ilivyotumika kwenye Anglo Leasing, ile kashfa ya mikataba hewa ya usalama. Tuliona meli ya kivita ya KNS Jasiri, mkataba wa 2003, ikitia nanga Mombasa 2012. Siri ile haikumficha adui chochote. Ilimficha mlipa kodi.

Kwa hiyo, wajumbe wa Kamati, ombi langu kwenu ni dogo na halihitaji sheria mpya. Chagueni asubuhi moja bila kumwambia mtu. Nendeni Embakasi, kisha mje Laikipia. Msikubali chai kwanza. Ingieni bandani, mhesabu helikopta zote, kisha mhesabu zile ambazo zingeweza kuondoka ndani ya saa moja. Waombeni kadi za tatu kati ya zile zilizolala mziangalie. Mtafuteni sajini mwenye grisi mikononi, mkae naye pembeni pasipo na mkubwa wake, mmwulize anasubiri kipuri gani na amekisubiri tangu lini. Yaandikeni majibu yake, mfunge bahasha, mumpelekee Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Mdogo wangu amerudishwa mpakani mwezi uliopita. Mkija Laikipia, nyumba yangu haiko mbali na lango la uwanja, na tochi yangu na kioo kidogo viko tayari.

Wenu mtiifu,

Fundi wa helikopta, Nanyuki